Misimu ya Zamani ya Kiingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Anayesoma Kiingereza cha zamani, awe mwanafunzi, mfasiri au mpenzi wa riwaya tu, hufika mahali akakwama. Neno liko mbele ya macho, herufi zote anazijua, lakini kamusi ya mezani haina habari nalo. Hapa nimekusanya maswali yanayorudi kila mara kuhusu maneno ya namna hiyo. Maneno yenyewe nimeyaacha kwa tahajia yake ya Kiingereza, na maana nimeieleza kwa Kiswahili, maana mara nyingi Kiswahili chenyewe ndicho kinachotupa ufunguo.

## Mambo ya msingi

Tunaposema misimu ya zamani ya Kiingereza tunamaanisha nini?

Ni maneno yaliyosemwa mitaani Uingereza, hasa London, tangu karne ya 16 hadi mwanzoni mwa karne ya 20, nje ya lugha ya shule, kanisa na mahakama. Hayakutoka kisima kimoja. Wezi na ombaomba walikuwa na lugha yao ya siri iliyoitwa *cant*. Wachuuzi wa mikokoteni walikuwa na yao, mabaharia yao, wanajeshi yao, na wasanii wa maonyesho ya barabarani yao.

Neno *slang* lenyewe ni changa. Linaanza kuonekana maandishini katikati ya karne ya 18, na wakati huo lilimaanisha usemi wa wahuni tu. Kabla yake watu walisema *Pedlars' French*, yaani Kifaransa cha wachuuzi, au *St Giles's Greek*, Kigiriki cha St Giles. St Giles ulikuwa mtaa wa makabwela katikati ya London. Mwenye nyumba yake nzuri alipopita pale akasikia watu wakizungumza, aliona ni wageni kutoka ng'ambo, kumbe ni majirani zake.

Tumeyajuaje, ikiwa waliokuwa wakiyasema hawakuandika vitabu?

Tumeyajua kupitia watu waliowasikiliza, na wengi wao hawakuwa marafiki. Thomas Harman alikuwa mwenye ardhi huko Kent. Ombaomba walipopiga hodi mlangoni kwake aliwahoji mmoja mmoja, akaandika habari zao na maneno yao. Chapa kongwe ya kitabu chake iliyobaki ni ya 1567. Nia yake ilikuwa kuwaonya wenye mali. Mwishoni mwa karne ya 17 ikatoka kamusi ya mtu aliyejitambulisha kwa herufi mbili tu, B. E. Mwaka 1785 akafuata Francis Grose, ambaye ana jibu lake hapa chini.

Mmoja alikuwa mtu wa ndani kabisa. James Hardy Vaux alihukumiwa kupelekwa Australia mara tatu, na mwaka 1812, akiwa mfungwa Newcastle ya New South Wales, aliandika faharasa ya lugha ya wezi wa London na kuikabidhi kwa mkuu wa kituo. Ilichapishwa 1819, na ndiyo kamusi ya kwanza kutungwa Australia. Ilihitajika kweli: Watkin Tench, afisa aliyefika na meli za kwanza za wafungwa, aliandika kwamba katika mahakama za mwanzo za koloni mara nyingi ilibidi awepo mkalimani wa kutafsiri maneno ya shahidi na ya mshtakiwa. Waingereza kwa Waingereza, na katikati mkalimani.

Kwa hiyo orodha hizi zisomwe kwa uangalifu. Aliyeandika kwa ajili ya mahakimu aliokota maneno ya wizi, kileo na kitanzi. Watu hao hao walibembeleza watoto, wakapika, wakazika wazee wao, na maneno yao ya mambo hayo karibu yote yamepotea. Hilo huniuma kila ninapofungua vitabu hivi.

Francis Grose alikuwa nani, na kwa nini anatajwa kila mahali?

Alikuwa afisa wa zamani wa wanamgambo wa Surrey, mtu mnene, mcheshi, aliyependa magofu na mambo ya kale. Usiku alitoka na msaidizi wake, Tom Cocking, wakazunguka vilabu na vichochoro vya London wakisikiliza watu. Kamusi yake ya 1785 ilifuatiwa na chapa ya 1788, na ya 1796 iliyotoka baada ya kifo chake mjini Dublin mwaka 1791. Mwaka 1811 wengine waliipanua na kuipa jina jingine, na hiyo ndiyo nakala inayosambaa zaidi leo. Tofauti hiyo ni muhimu: ukisoma maneno ya 1811, si yote yaliyopita mikononi mwa Grose.

Alikuwa rafiki wa mshairi Robert Burns, na shairi la Burns la *Tam o' Shanter* lilitungwa kwa ajili ya kitabu cha Grose kuhusu magofu ya Scotland.

Ninachompendea ni kwamba alisikiliza bila kukunja uso. Angalia anavyoeleza *red rag*, kitambaa chekundu, yaani ulimi. Anatoa mfano kama alivyousikia: funga mtego wako wa viazi, ukipe kitambaa chekundu likizo. Mtego wa viazi ni mdomo. Mwanamke wa sokoni anayemnyamazisha jirani yake kwa maneno hayo unamwona kabisa, mikono kiunoni.

## Lugha ya wezi na ombaomba

Mbona maneno mengi ya karne ya 16 yanaishia na *cheat*? Yanahusu udanganyifu?

Hapana, na hapa Mswahili anaelewa haraka kuliko Mwingereza wa leo. Katika lugha ya ombaomba wa zama za Harman, *cheat* lilimaanisha kitu tu. Ukilitanguliza kitendo, umepata jina la kitu kinachofanya kitendo hicho. *Smelling cheat*, kitu cha kunusia, ni pua. *Hearing cheats* ni masikio. *Crashing cheats*, vitu vya kuvunjavunja, ni meno. *Prattling cheat*, kitu cha kupayuka, ni ulimi.

Wanyama nao waliingia humo humo kwa sauti zao: *grunting cheat*, kitu kinachoguna, ni nguruwe; *quacking cheat* ni bata; *bleating cheat* ni ndama au kondoo. Na *nubbing cheat*, kitu cha kunyongea, ni mti wa kitanzi.

Sasa tazama Kiswahili: kinywa kimetoka kwenye kunywa, sikio kwenye kusikia, kifuniko kwenye kufunika. Watu ambao mahakimu waliwaita wajinga walikuwa wamejitengenezea kitu kinachofanya kazi ya ki- yetu, wakakitumia bila kukosea. Maana ya udanganyifu iliyo katika Kiingereza cha kawaida ni habari nyingine, nayo ilitokana na neno la kisheria kuhusu mali inayorudi kwa bwana wa ardhi.

Na *darkmans* na *lightmans*?

Usiku na mchana. Kiishio *-mans* kilifanya kazi kama *cheat*, ila kwa nyakati na mahali: *ruffmans* ni msitu au vichaka, *crackmans* ni ua wa miti.

*Abraham man* na *counterfeit crank* walikuwa watu gani?

Wote wawili walikuwa ombaomba wa kujifanya. *Abraham man* alijifanya mwendawazimu aliyetoka hospitali ya Bethlem, London. Mabaharia wa baadaye walisema *to sham Abraham* kwa mtu anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi.

*Counterfeit crank* alijifanya ana kifafa. *Crank* hapa ni *krank* ya Kijerumani na Kiholanzi, yaani mgonjwa. Harman anasimulia kisa kimoja kwa undani wa kushangaza. Siku ya Watakatifu Wote mwaka 1566, akiwa London, alijiwa na mtu aliyevaa matambara, kichwa kimefungwa kitambaa kichafu, uso umejaa damu mbichi. Alijiita Nicholas Jennings, akasema ana kifafa na amekaa Bethlem mwaka mmoja na nusu. Harman akatuma mtu Bethlem kuuliza. Hawakumjua.

Mchapishaji wa kitabu akawaweka vijana wake wawili wamfuatilie. Mchana walimwona amejificha mashambani akijipaka upya damu aliyoibeba kwenye kibofu cha mnyama, na matope juu yake. Mdomoni aliweka kipande cha sabuni ili kitoe povu. Usiku alipokamatwa na kupekuliwa alikutwa na shilingi 13 na peni tatu na nusu, makusanyo ya siku moja, wakati kibarua alilipwa peni chache tu kwa siku. Walipomvua na kumwosha walikuta mwanamume mwenye afya, ngozi safi, ndevu nzuri. Hatimaye alisimamishwa hadharani akiwa amefungwa mbaoni.

Kisa hiki kimepokewa sana, na ni kizuri. Lakini nikikisoma huwafikiria wenye kifafa wa kweli waliopiga hodi baada ya kitabu hicho kusambaa, na jinsi walivyopokewa.

Je, ni kweli *phoney*, yaani bandia, lilianza na pete?

Ndiyo, na njia yake inaonekana wazi. *Fáinne* ni pete kwa Kiairishi. Wezi wa London wakalifanya *fawney*, na Grose anaueleza utapeli ulioitwa *fawney rig*: mtu anadondosha pete ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu, kisha anaiokota mbele ya mpita njia aliyemlenga. Anajifanya ana haraka au ana shida, anamuuzia kwa bei iliyo chini ya thamani ya dhahabu lakini mara kumi ya thamani halisi. Kutoka *fawney* tukapata *phoney*.

Ukiwahi kutembea Kariakoo au River Road mtu akaokota bulungutu miguuni pako na kukuambia mgawane, basi umekutana na mjukuu wa utapeli ule.

Kwa nini kuna maneno mengi hivi ya kunyongwa?

Kwa sababu kitanzi kilikuwa karibu. Kwa sheria ya 1699, kuiba dukani kitu cha shilingi tano kulitosha kukunyongesha, na mwanzoni mwa karne ya 19 makosa yenye adhabu ya kifo yalikuwa zaidi ya 200. Huko London watu walinyongwa Tyburn, karibu na Paddington, mpaka 1783, mbele ya umati.

Ndiyo maana siku ya kunyonga iliitwa *Paddington Fair*, gulio la Paddington. Kunyongwa kulikuwa *to dance upon nothing*, kucheza ngoma juu ya utupu. Kamba ilikuwa *Tyburn tippet*, skafu ya Tyburn. Mwanamke aliyebaki aliitwa *hempen widow*, mjane wa katani, kwa kuwa kamba ilisokotwa kwa katani. Watu huyapa majina ya mzaha yale wanayoyaogopa kuyataja. Hilo la mwisho, kwangu, halina mzaha hata kidogo.

Maneno ya Kiromani ni yapi?

Waroma, wale wahamaji ambao Waingereza waliwaita *Gypsies*, walifika visiwa vya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 16, wakakutana barabarani na wachuuzi na wazururaji. Kutoka kwao Kiingereza kilipata *pal*, rafiki, ambalo kwao ni ndugu wa kiume. Lipo maandishini tangu miaka ya 1680. Pia *cushty*, zuri, safi. Habari za *posh* ziko kwenye sehemu ya asili za uongo.

## Maneno ya nyumbani na mtaani

Nipe maneno ya Grose ambayo hayahusu wizi.

Yapo tele. Chai iliitwa *chatter broth*, mchuzi wa porojo, au *scandal broth*, mchuzi wa umbeya, kwa sababu ya mazungumzo yanayoandamana nayo. Anayejua vikao vya alasiri vya Mombasa au Unguja hahitaji maelezo. Kichwa kilikuwa *knowledge box*, sanduku la maarifa. Mwalimu alikuwa *flaybottomist*, mchuna makalio, na hapo tunajua shule zilikuwaje.

*Beau trap*, mtego wa mtanashati, ni jiwe la barabarani lililolegea na kuficha maji chini yake. Mtu aliyevaa soksi nyeupe za kutokea akilikanyaga, tope linamrukia mpaka magotini. Kila mji wenye mvua na njia mbovu una mtego huo, ila wenye jina lake ni wachache.

*Gentleman of three ins* ni bwana wa ndani tatu: ndani ya deni, ndani ya jela, na ndani ya hatari ya kubaki humo maisha yake yote. Mwenzake, *gentleman of three outs*, hana fedha, hana akili, hana adabu.

Ninalolipenda kuliko yote ni *kittle pitchering*. Msimulizi mwenye hadithi ndefu zisizokwisha akianza, unampinga kwa jambo dogo lisilo na maana la mwanzoni: haikuwa Jumanne, ilikuwa Jumatano. Akimaliza kulitetea, unashika jingine. Hadithi haifiki popote. Hatuna neno moja la kitendo hicho katika Kiswahili, ingawa kila baraza lina bingwa wake.

*Bob* ni nini, na kwa nini Wakenya bado wanalitumia?

*Bob* ilikuwa shilingi moja, na neno lipo tangu mwishoni mwa karne ya 18. Uingereza shilingi ilikuwa na peni 12, na shilingi 20 zilifanya pauni. Tarehe 15 Februari 1971 waliacha hesabu hiyo wakahamia peni 100 kwa pauni. Shilingi ikafa, na *bob* ikabaki kwenye misemo ya wazee tu.

Lakini shilingi ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921, ikiwa na senti 100, na neno la mitaani likaja nayo. Leo hii, Nairobi, mama mboga anaambiwa "nipe sukuma ya twenty bob" na mtoto ambaye hajui kwamba anatumia neno la London la enzi za Grose. London hakuna tena anayelipa kwa *bob*. Ukitaka kulisikia likiwa hai kabisa, nenda kwenye kibanda cha mboga.

## Wachuuzi wa London: kinyume na vina

Ni kweli wachuuzi walizungumza kinyumenyume?

Ndiyo. Henry Mayhew, mwandishi wa habari aliyewahoji maskini wa London katikati ya karne ya 19, alisikia wauza matunda na samaki wakigeuza maneno ili mteja na polisi wasielewe. *Look* likawa *kool*. *Penny* likawa *yennep*, wakiongeza irabu ili litamkike. *Pot of beer* likawa *top o' reeb*. *Police* likawa *esclop*, kisha likafupishwa kuwa *slop*. Lililobaki mpaka leo ni *yob*, kijana mkorofi, ambalo ni *boy* lililogeuzwa.

Waswahili wa pwani wana mchezo wao wa kinyume, lakini sisi tunahamisha silabi: nyumba inakuwa mbanyu, kesho inakuwa shoke. Silabi zetu zinaishia kwa irabu, kwa hiyo zinahama bila taabu. Kiingereza kimejaa konsonanti zilizobanana, ikabidi wageuze herufi. La ajabu ni kwamba, kwa maelezo ya Mayhew, wachuuzi wengi hawakujua kusoma. Waligeuza tahajia ya maneno ambayo hawakuwahi kuyaandika, kwa kupokezana mdomo kwa mdomo.

Misimu ya vina inafanyaje kazi?

Ilianza London karibu na miaka ya 1840, na John Camden Hotten akaiweka kwenye kamusi yake ya 1859. Chukua neno unalotaka kulificha, tafuta kirai ambacho mwisho wake una kina kimoja nalo, kisha useme kirai badala ya neno. Ngazi, *stairs*, inakuwa *apples and pears*. Miguu, *feet*, inakuwa *plates of meat*. Hapo bado ni rahisi.

Kinachomchanganya msomaji ni hatua ya pili: neno lenye kina linaachwa. Kutazama, *look*, ni *butcher's hook*, ndoano ya muuza nyama. Ukiondoa ndoano, unabaki na *butcher's* peke yake, ambalo halina kina na chochote. Hivyo *use your loaf* ni tumia kichwa, kutoka *loaf of bread* na *head*. *China* ni rafiki, kutoka *china plate* na *mate*. *Barnet* ni nywele, kutoka *Barnet Fair*, gulio la farasi la Barnet, na *hair*. Ni kama mshairi amekusomea mshororo, akakata mwisho wake, akakuachia wewe ukitafute kina.

Kumbuka kwamba si kila neno la aina hii ni la kale. Mengi yalitungwa karne ya 20. Ukilikuta *porkies*, yaani uongo, mdomoni mwa mtu wa 1850 katika riwaya mpya, mwandishi amekosea.

## Bahari, majeshi na India

Je, kuna neno la Kiingereza la mitaani lenye asili moja na neno la Kiswahili?

Yako kadhaa, na moja ni kubwa. Askari wa Kiingereza katika Vita Kuu ya Kwanza waliita kwao *Blighty*. Jeraha lisiloua lakini la kutosha kukurudisha nyumbani liliitwa *a Blighty one*, na wengi mahandakini waliliomba. Neno hilo wenzao walilitoa India, ambako *vilayati*, au *bilayati*, lilimaanisha cha kigeni, cha Kizungu. Mzizi wake ni *wilaya* ya Kiarabu: nchi, jimbo, mamlaka.

Na sisi kutoka *wilaya* hiyo hiyo tulipata Ulaya. Neno lilitoka Uarabuni kwa njia mbili. Moja ilishuka na majahazi hadi pwani yetu ikawa jina la nchi ya mbali wanakotoka Wazungu. Nyingine ilipita Uajemi na India, ikaingia kinywani mwa askari wa Kizungu mwenyewe, naye akaliita kwao kwa jina ambalo wageni walimpa. Hata neno wilaya tunalo bado, na lina mkuu wake.

Mengine ni madogo zaidi. *Buckshee*, cha bure, ni ndugu wa bakshishi. *Char*, chai, ni ndugu wa chai. *Mufti*, nguo za kiraia za afisa, ni mufti yule yule wa dini, na lilianza mwanzoni mwa karne ya 19: inasemekana joho la nyumbani, kofia na ndara za afisa aliyepumzika zilifanana na mufti wa kwenye michezo ya jukwaani. Kuhusu *bint*, tazama swali la matusi hapa chini.

*Grog* limetoka wapi?

Kwa Admirali Edward Vernon. Alivaa koti la kitambaa kizito kiitwacho *grogram*, mabaharia wakamwita Old Grog. Mwaka 1740 aliamuru mgao wao wa ramu uchanganywe na maji, na kinywaji hicho kikachukua jina lake la utani. Ramu ya baharia ikawa *grog*, na aliyelewa nayo akawa *groggy*.

## Asili za uongo, na namna ya kuzitambua

*Posh* ni kifupi cha maneno ya tiketi za meli?

Si kweli. Hadithi inasema matajiri waliokwenda India walikata vyumba vya upande wa kushoto wakati wa kwenda na upande wa kulia wakati wa kurudi ili wakwepe jua, na tiketi zikapigwa muhuri wa herufi nne, P.O.S.H., kifupi cha *port out, starboard home*. Hakuna tiketi hata moja yenye muhuri huo iliyopatikana. Tena neno lilikuwepo mitaani karne ya 19 likimaanisha fedha ndogo, kutoka *posh* ya Kiromani, nusu, iliyotumiwa kwa nusu peni. Kisha likawa jina la mtanashati, ndipo likawa sifa ya mambo ya kitajiri.

Na *kick the bucket*?

Kufa. Grose analo tayari 1785. Wengi huambiwa ni mtu anayejinyonga akipiga teke ndoo aliyosimamia. Maelezo yenye nguvu zaidi yanatoka mashariki ya Uingereza, ambako *bucket* lilikuwa pia jina la boriti ya kutundikia nguruwe aliyechinjwa. Miguu yake ilifungwa pale, na katika mtukutiko wa mwisho ikaipiga.

Nitajuaje kama asili niliyosimuliwa ni ya kweli?

Anza na tarehe. Uliza neno lilionekana maandishini lini kwa mara ya kwanza, kisha uliza kama kisa kinacholielezea kilitokea kabla au baada ya hapo. Visa vingi vinaangukia hapo hapo. Pili, ukiambiwa neno la kabla ya 1900 ni kifupi cha herufi za mwanzo, kataa mpaka uoneshwe ushahidi; mtindo huo ulikuwa nadra sana kabla ya karne ya 20. Tatu, hadithi ikiwa nzuri mno, yenye mfalme, meli au mkasa, jihadhari nayo. Asili za kweli kwa kawaida ni za sokoni: pete, boriti, nusu peni.

## Maswali ya pembeni

Kuna maneno ambayo nisiyatumie leo?

Yapo. *Bint*, ambalo askari walilichukua kwa Waarabu, kwetu ni binti, neno la heshima. Katika Kiingereza liligeuka la dharau kwa mwanamke, na bado hivyo. *Berk*, mpumbavu, linaonekana jepesi, lakini ni la vina na neno lililoachwa ni tusi zito la nguoni. Wengi wanaolisema hawajui. Grose mwenyewe amejaa maneno ya kudhalilisha Wairishi, Wayahudi, Waafrika na wanawake. Yasome ili uijue zama ile, na uyaache humo.

Polari, lugha ya siri ya wasanii na baadaye ya mashoga, ni sehemu ya misimu hii?

Ndiyo, ni tawi lake la mwisho. Wasanii wa sarakasi na maonyesho walikuwa na maneno mengi ya Kiitaliano: *bona* ni zuri, *scarper* ni kutoroka, kutoka *scappare*. Karne ya 20 mashoga wa London waliichukua, wakachanganya na kinyume na vina, kwa sababu sheria iliwatia jela mpaka ilipolegezwa 1967. Uso uliitwa *eek*: *face* lililogeuzwa likawa *ecaf*, kisha likakatwa.

Neno moja laweza kuwa na maana tofauti nchi na nchi?

Ndiyo. *Swag* kwa Vaux ni mzigo, hasa wa mali ya wizi. Australia likawa furushi la kibarua anayetembea kutafuta kazi, bila doa lolote la wizi.

Ninatafsiri kitabu cha zama hizo. Nitumie Sheng?

Nisingeitumia. Sheng ina saa yake. Neno la leo la Eastlands litamhamisha msomaji kutoka London ya 1785 hadi stendi ya matatu ya mwaka huu, na baada ya miaka kumi hataelewa. Jaribu kufanya walichofanya wenyewe: tengeneza neno kwa mashine ya lugha yako. Kwa *smelling cheat* ki- inatosha, kinusio, na msomaji anafika bila kushikwa mkono. *Hempen widow* lilinipa mjane wa kamba, kwa sababu katani kwetu inakumbusha mashamba ya mkonge kabla ya kitanzi. *Crashing cheats* lilinisumbua zaidi. Kalamu ilikimbilia vitafunio, lakini mbele ya macho ya msomaji yangetokea maandazi na sambusa. Niliandika visagio.